Surf ya 1KZ inachemsha Kitonga tu, tambarare imetulia. Nianzie wapi kabla ya kufungua hedi?

#1 Mwana_Makambako
Wakuu habari za jioni.

Nina Toyota Hilux Surf KZN185 ya 1997, injini 1KZ-TE, gia otomatiki, dashibodi inasoma kilomita 318,000. Nipo nayo mwaka wa sita na kazi nyingi naifanya mwenyewe hapa uani: breki, shokomzoba, bushi, mpaka taimingi belti niliifunga kwa mikono yangu mwaka juzi.

Shida yenyewe: Dar mpaka Ruaha Mbuyuni mshale wa joto umelala chini kidogo ya nusu, hautikisiki. Nikianza kupanda mlima Kitonga nyuma ya malori, kona ya tatu au ya nne mshale unanyanyuka. Nikifika juu umebakiza unene wa kidole kugusa nyekundu. Nikipaki dakika kumi unashuka wenyewe. Iringa mjini naongeza maji kama nusu lita.

Nilichokwisha fanya: rejeta (ya shaba, aliiweka mwenye gari aliyenitangulia) imezibuliwa, mipira ya maji mipya, fani belti mpya. Themostati (valvu inayoyafungulia maji njia ya rejeta yakipata moto) haimo, ilitolewa kabla sijainunua gari. Fundi wa mtaani anasema hedi (kichwa cha injini, juu ya silinda) imepasuka, tuifungue. Sitaki kufungua hedi kwa kubahatisha. Mwezi wa 12 napeleka familia Njombe.

#2 SpanaNamba10
Gari inayochemsha mlimani na kutulia tambarare, angalia feni kwanza. Ukiwa mwendo wa 80 upepo wa barabarani unaipoza rejeta hata feni ikiwa haifanyi kazi. Nyuma ya lori lenye mzigo Kitonga unatembea mwendo wa mtu anayekimbia, hapo feni ndiyo kila kitu.

Zima injini ikiwa bado ya moto, shika panga la feni uzungushe kwa mkono. Likigoma kidogo na kusimama, kilachi ya feni (kiungo kinachoishika feni na injini) ni nzima. Likizunguka lenyewe raundi mbili tatu, mafuta ya silikoni ya ndani yamevuja au yamechoka. Hakikisha ufunguo wa gari uko mfukoni mwako kabla hujaingiza mkono pale.

#3 Chuma_Chakavu
Hedi hiyo. Hizo 3.4 zote mwisho wake ni hedi, na hedi yenyewe ya chuma kizito, ikipasuka haichomeleki. Uza, tafuta yenye injini ya 1HZ ulale usingizi.

#4 Mwalimu_wa_Fizikia
Mkuu #3, tusimpoteze mwenzetu. 1KZ-TE ni sisi 2,982, yaani lita 3.0. Ya 3.4 ni 5VZ, ya petroli, silinda sita. Na hedi ya 1KZ si chuma, ni alumini iliyokaa juu ya bloku ya chuma. Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia: kwa joto lilelile alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ikizidishiwa moto inajipinda, gasketi (kizibo kati ya hedi na bloku) inaachia, au ufa unatokea kati ya valvu na karibu na kile chumba kidogo ambamo dizeli huanza kuwaka.

Kwa hiyo ufa wa hedi mara nyingi ni matokeo ya kuchemsha. Ukibadilisha hedi bila kujua kilichochemsha, utaibadilisha tena.

#5 Chuma_Chakavu
Nimekubali kuhusu 3.4 na alumini, nilichanganya. Ila nusu lita kila safari inakwenda wapi mwalimu?

#6 Nakuru4x4
Salamu kutoka Nakuru. Hiyo nusu lita inaweza kuwa imetokea kwa kifuniko cha rejeta. Nina Prado ya injini hiyohiyo, ilinisumbua miezi minne kupanda Mai Mahiu. Nilibadilisha pampu ya maji, nikabadilisha rejeta, kumbe ni kifuniko. Raba yake ilikuwa imekauka na springi imelegea.

Watu husahau kwamba maji hayachemki kwa 100 kila mahali. Huku kwetu, mita 1,850 hivi juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka karibu 94. Kifuniko kizima cha presha ya 0.9 (karibu baa 0.9) kinayabana mpaka yavuke 110 kabla ya kuchemka. Kikiwa kimekufa, mnapanda mlima na maji yanayochemka kama ya chai, yanamwagikia kwenye chupa ya akiba na kutoka nje. Hapo utasema gari inakunywa maji.

Bei yake ni ndogo kuliko vitu vyote mtakavyotaja hapa. Anza nacho.

#7 MamaLandi
Naunga mkono #6, na naongeza jambo moja: usikifungue kifuniko hicho cha moto. Mdogo wangu alikifungua pale Mikumi, alikuwa na haraka, maji yakamrukia kifuani na shingoni. Wiki tatu hospitali. Subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu kwa kiganja na kuubonyeza bila kuungua. Kabla ya hapo kaa chini ya mti.

Mimi naendesha Defender 110, si ndugu zenu, lakini uchunguzi ni uleule. Ondoa grili, piga tochi kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta. Yangu nilikuta mbegu za nyasi na matope yaliyokauka kama zulia, ukitazama kwa mbele huoni kitu. Nilitoa kondensa pembeni bila kufungua mabomba yake ya gesi, nikapuliza maji kwa upole kutoka upande wa injini. Msitumie mashine ya kuoshea magari kwa karibu, inalaza mapezi yote.

#8 Babu_wa_Rejeta
Vijana wangu, nimekaa kwenye moto wa kuchomelea rejeta hapa Tanga zaidi ya miaka thelathini, sasa nimestaafu, macho hayataki tena.

Nataka kumuuliza mleta uzi: hiyo rejeta ya shaba ina safu ngapi za mirija, mbili au tatu? Na maji unayotia unayatoa wapi? Nauliza kwa sababu rejeta nyingi zilizoletwa kwangu zilikufa kwa maji ya kisima cha chumvi. Chumvi inajenga ukoko ndani ya mirija kama ule wa birika la chai. Fundi anapitisha ufito, anatoboa tundu jembamba katikati, maji yanaonekana yanapita, anakwambia imezibuka. Ukoko wa pembeni umebaki palepale, na ukoko haupitishi joto.

Kipimo changu: endesha mpaka ipate moto, zima, kisha pitisha kiganja taratibu mbele ya rejeta bila kuigusa. Joto linapaswa kupungua pole pole kutoka linapoingilia maji kwenda linapotokea. Ukikuta sehemu imepoa kabisa katikati ya sehemu za moto, hapo mirija imeziba.

#9 Mwana_Makambako
Shikamoo Babu. Safu nitahesabu kesho. Maji, kusema kweli, ni ya kisima cha hapa nyumbani, Kigamboni. Yana chumvi kiasi.

#10 Babu_wa_Rejeta
Marahaba. Basi umekwisha nijibu.

#11 Dereva_wa_Tunduma
Ndugu yangu, mimi barabara hiyo napita na semi, huenda wewe ndiye uliyekuwa nyuma yangu. Nikuulize unavyopanda. Unaiacha kwenye D na O/D (gia ya juu ya mwendo kasi) imewaka? Gia otomatiki kwenye mwendo ule inatafuta gia juu na chini, mafuta yanasuguliwa ndani ya konveta (kiungo kati ya injini na gia boksi) na kuchemka. Na joto hilo linakwenda wapi? Mafuta ya gia boksi yanapozwa na bomba lililo ndani ya tangi la chini la rejeta yako. Unailaumu injini kumbe nusu ya moto umeletewa na gia boksi.

Zima O/D kabla ya kona ya kwanza, weka 2, acha injini iimbe. Injini ikizunguka haraka, pampu ya maji na feni navyo vinazunguka haraka.

#12 Kokoto
Au pampu ya dizeli imefunguliwa sana. Kaza ile skrubu ya moshi robo raundi.

#13 SpanaNamba10
Kokoto, hiyo ni TE. Pampu yake inaongozwa na kompyuta. Skrubu unayoisema ni ya pampu za zamani zisizo na umeme. Akiitafuta atachezea kitu kingine.

#14 Kokoto
Sawa, nimeelewa. Basi nozo (vipulizia dizeli). Nozo zilizochoka zinamwaga badala ya kupuliza, moto unakuwa mkali. Anatoa moshi mweusi mlimani?

#15 Mwana_Makambako
Mwembamba, nikikanyaga sana.

#16 Bahari_ya_Maskati
Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Maskati, asili yangu Unguja. Kwetu hapa kiangazi kinapita nyuzi 45, na tuna mlima Jabal Akhdhar ambao polisi wana kizuizi chini, gari isiyo na foo-wili haipandi. Nilipanda na Prado ya zamani ikaanza kupata homa kama yako.

Fanya hivi: zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho na feni yake namba ya juu kabisa, teremsha vioo. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Utaloa jasho lakini mshale utauona unashuka. Pia nilifunga kipozeo cha pekee cha mafuta ya gia boksi mbele ya kondensa. Ndugu wa #11 amesema kweli kabisa.

#17 MamaLandi
Bahari, ushauri mzuri, lakini magari mengi huku mabomba ya hita yameshaunganishwa pamoja kwa kipande cha chuma, hita imerukwa. Mafundi wanasema Dar ya nini hita. Mleta uzi angalia ukutani nyuma ya injini kama mabomba mawili yanaingia ndani ya gari.

#18 Mwana_Makambako
Nimeangalia. Imerukwa. Sikuwahi kujua.

#19 Chuma_Chakavu
Bado hakuna aliyenijibu maji yanakwenda wapi.

#20 Mwalimu_wa_Fizikia
Ngoja tumpe kipimo. Mleta uzi, asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, jaza maji, funga. Bonyeza mpira wa juu, ni laini. Washa. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja, wakati maji bado baridi, kinachousukuma ni gesi kutoka kwenye silinda. Maji baridi hayana sababu ya kujenga presha haraka hivyo.

Kipimo cha pili: mpira mdogo unaokwenda kwenye chupa ya akiba uutumbukize kwenye chupa safi yenye maji. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyobaki. Yakiendelea mfululizo kwa mpigo wa injini, #3 atakuwa amepata.

Tatu, vuta dipistiki ya oili na ya gia boksi. Rangi ya maziwa popote ni habari mbaya.

#21 Mwana_Makambako
Nimeamka saa 12 kwa ajili yenu. Majibu:

Feni: nikizungusha ya moto inakwenda raundi tatu.
Kifuniko: raba ina nyufa.
Rejeta: safu mbili. Kuna kona ya chini kulia iliyopoa, kama ukubwa wa kiganja.
Oili safi, mafuta ya gia boksi ni mekundu yaliyokolea, hayana maziwa.
Mpira wa juu: dakika ya kwanza laini. Dakika ya nne umeanza kuwa mgumu, maji yakiwa vuguvugu.
Mapovu: yanakuja moja moja, yanasimama, yanakuja tena.

#22 SpanaNamba10
Raundi tatu. Feni.

#23 Nakuru4x4
Raba ina nyufa. Kifuniko.

#24 Babu_wa_Rejeta
Safu mbili, maji ya Kigamboni, na kona imepoa. Rejeta, wanangu.

#25 Chuma_Chakavu
Na mapovu je? Mapovu yanayosimama na kurudi ni ufa mdogo unaofunguka na kufunga kwa joto. Yangu ilianza hivyohivyo, nikaambiwa kifuniko, nikaambiwa feni. Miezi mitano baadaye nilikuwa kando ya barabara Sekenke usiku na watoto watatu. Ndiyo maana naongea kwa ukali, nisameheni.

#26 Mwalimu_wa_Fizikia
Pole sana mkuu. Mapovu yanaweza pia kuwa hewa iliyonaswa. Mfumo huu usipotolewa hewa vizuri unahifadhi kifuko cha hewa juu ya hedi. Apandishe pua ya gari kwenye kilima au jeki, kifuniko wazi, injini ikinguruma polepole, akijaza mpaka mapovu yakome, kisha apime upya.

Halafu kuna themostati, tumeiruka. Themostati nyingi za Toyota zina kisahani cha pili chini. Inapofunguka njia ya rejeta, kisahani kile kinaziba njia ya pembeni. Ukiitoa yote, njia ya pembeni inabaki wazi na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kuonja rejeta. Tambarare huoni tofauti. Mlimani unaiona.

#27 Dereva_wa_Tunduma
Hapo kwenye themostati nabisha kidogo mwalimu. Malori mengi tumetoa na tunafika Zambia.

#28 Mwalimu_wa_Fizikia
Lori lako lina rejeta ya ukubwa wa mlango wa nyumba, kaka. Surf haina akiba hiyo. Na injini ya dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi muda mwingi inalika silinda taratibu.

#29 Kokoto
Kwani dawa za kuziba ndani ya rejeta hazifai? Marehemu mzee wangu alikuwa akitia ute wa mayai mawili, gari ikarudi nyumbani.

#30 Babu_wa_Rejeta
Inarudi nyumbani, kisha inaletwa kwangu. Nimetoa mayai yaliyoiva, pilipili manga, unga wa mahindi, hata tumbaku. Yai haliangalii tundu lipi ni la kuvuja na mirija ipi ni ya kupitisha maji. Kwa dharura ya porini sawa. Tangi la mafuta likivuja, sabuni ya mche ikandamize kwenye ufa, hiyo inashika vizuri na haidhuru kitu. Kwenye rejeta usitie chochote isipokuwa maji safi na kulanti (dawa ya kupozea injini).

#31 MamaLandi
Babu, na wasio na maji safi? Mimi nakinga ya mvua kwenye pipa la plastiki, nachuja kwa kitambaa.

#32 Babu_wa_Rejeta
Ya mvua ni bora kuliko ya bomba na ya kisima. Au maji ya betri, si tindikali, yale ya kuongezea. Changanya nusu kwa nusu na kulanti ya kuaminika na usichanganye rangi bila kujua. Alumini ya hedi inaliwa na maji matupu kidogo kidogo mpaka mdomo wa gasketi unakuwa kama kuni iliyoliwa na mchwa.

#33 Mwana_Makambako
Wakuu, wiki tatu kimya, nilikuwa kazini chini ya boneti. Nimefanya kwa awamu ili nijue kipi kimesaidia.

Kwanza kifuniko kipya cha 0.9. Hapo sikwenda popote, nilizunguka mjini tu.

Pili kilachi ya feni. Nimeifungua skrubu nne za uso, ndani mlikuwa na mafuta ya kupaka tu. Shemeji alikuwa Dubai, akaniletea chupa ya mafuta ya silikoni ya mnato 10,000, yale wanayotumia kwenye vigari vya kuchezea. Nimetia kama nusu ya chupa ya mililita 60, nikafunga, nikailaza usiku kucha. Sasa feni inaunguruma asubuhi kama ndege, baadaye inatulia.

Tatu nimerudisha mabomba ya hita. Maji yaliyotoka humo yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa.

Nne nimetoa hewa kama alivyosema mwalimu, na nimefunga geji ya joto ya kidijitali, sensa yake ni ya pete, nimeibana chini ya boliti karibu na bomba la kutolea maji kwenye hedi. Mshale wa dashibodi sitauamini tena. Geji inasoma 84 nao uko chini ya nusu. Geji inasoma 96 nao uko palepale.

Wiki iliyopita nilikwenda Iringa kikazi, peke yangu, bila mzigo. Kitonga O/D nimezima, gia 2. Geji ilipanda mpaka 99, ikasimama. Nilifungua hita, ikashuka 95. Nilipofika Iringa nilisubiri saa mbili, nikafungua: pamepungua kama robo lita.

#34 SpanaNamba10
Nilisema feni!

#35 Nakuru4x4
Feni na kifuniko vimekwenda pamoja barabarani, huwezi kutenganisha. Alipaswa kupanda mara moja na kifuniko peke yake.

#36 Dereva_wa_Tunduma
Na safari hii amezima O/D. Hilo hamlihesabu?

#37 Babu_wa_Rejeta
Bila mzigo, peke yake, na bado 99. Na rejeta ni ileile ya safu mbili. Akipakia familia na magunia ya viazi ya kurudi Dar itakuwaje?

#38 Chuma_Chakavu
Robo lita. Presha imebanwa, kifuniko kipya, mipira mipya, na bado robo lita. Iko mahali. Naomba uanike kipande cha kadibodi chini ya gari usiku, na asubuhi nusa ekzosi ikiwashwa. Moshi mweupe wenye harufu tamu ya kulanti ukiuona, usiende Njombe na watoto.

#39 Mwalimu_wa_Fizikia
Mabomba ya hita yaliyokaa miaka bila kutumika huwa na hewa nyingi. Robo lita inaweza kuwa ni maji yaliyojaza nafasi hiyo. Lakini #38 ana haki ya kuogopa, na kipimo chake hakigharimu kitu. Fanya.

#40 Bahari_ya_Maskati
Tazama pia pampu ya maji, lile tundu dogo la chini. Likitokwa na alama ya rangi ya kulanti iliyokauka, inavuja ikiwa na moto tu na kukauka kabla hujaiona.

#41 Pwani_Mchanga
Samahanini kuingilia, Surf yangu ya 1996 taa ya T-BELT (taimingi belti) imewaka jana. Ninunue belti au nibadilishe injini?

#42 SpanaNamba10
Belti, dada au kaka. Taa hiyo inahesabu kilomita tu, haijui belti ikoje. Kama hujui ilibadilishwa lini, badilisha sasa pamoja na tenshena yake. Ikikatika injini ikizunguka, pistoni na valvu zinakutana.

#43 Mwana_Makambako
#40, nimetoka kuangalia. Kwenye tundu la pampu kuna alama ya waridi, nyembamba kama mstari wa kalamu. Sijui ni ya zamani au mpya, nimeifuta kwa kitambaa. Kadibodi nimeshaweka chini. Babu, nimeagiza rejeta ya safu tatu kwa wauza spea wa mtaa wa Gerezani, wamesema Jumatano. Kesho asubuhi nanusa ekzosi na kupima mapovu tena, naandika hapa.

#44 Chuma_Chakavu
Amka mapema, kabla haijawashwa na mtu mwingine.